Mikono ya Manevri

Vijana wa Kalemie nikiwaambia kwamba mji huu uliwahi kuwa na mashini za moshi zisizosafiri, wananicheka. Treni isiyosafiri ni treni gani, Mama? Basi ndizo hizo. Zilizaliwa kwa ajili ya bandari, zikafanya kazi bandarini, na zimefia papo hapo. Tuliziita Tufupi. Moja ni Kafupi.

Kazi yake ilikuwa manevri. Treni kubwa ilipofika kutoka Kabalo na mabehewa yake yamechanganyika, haya ya mahindi, haya ya simenti, haya ya wasafiri, mashini kubwa iliachiwa ikapumzike kama bwana harusi. Kafupi ndiyo iliyokuja kwa nyuma ikaanza kuyatenganisha: hili lipelekwe kwenye gati la bandari, hili kwenye maghala, hili lisukumwe pembeni lingoje. Mbele kidogo, nyuma kidogo, tangu asubuhi mpaka jua lizame. Kwa siku nzima ilitembea mwendo wa kwenda mbali sana, na jioni ilikuwa palepale ilipoamkia. Mimi nilikuwa namwambia mume wangu kwamba hiyo ni kazi ya mwanamke wa nyumbani.

Naandika habari zake kwa kuwa hakuna mwingine atakayeziandika. Wakubwa waliandika mambo ya mashini kubwa, na picha wakazipiga. Kafupi nani aliipiga picha? Na mume wangu, aliyeziendesha mpaka ya mwisho, hawezi tena kusimulia. Nasema na ukweli wote: naandika pia kwa sababu nyumba yetu ina watu wawili na mimi niko peke yangu ndani yake. Mtu akikosa wa kuongea naye, huongea na karatasi.

Baba yangu mzazi alikuwa mtia moto kwenye Tufupi za mwanzo. Yeye ndiye aliyetusimulia kwamba zilikuja vipande vipande ndani ya makasha kutoka Ubelgiji, zikapanda meli, zikapanda mto, zikapanda treni, na mwisho zikaunganishwa hapa kwenye atolie, karakana ya reli. Zilikuwa sita. Zilikuwa fupi kwa sababu reli ya bandarini inakata kona kali, na mashini ndefu ingetoka njiani. Hazikuvuta behewa la makaa nyuma yake kama zile kubwa. Matangi ya maji zilibeba ubavuni, moja huku na moja huku, kama mama anayetoka ziwani na ndoo mbili, na makaa yalikaa kwenye sanduku dogo mgongoni kwa mashinisti, yaani yule anayeiendesha. Kwa hiyo hazikuweza kwenda mbali. Maji yangeisha njiani. Baba alipenda kusema kwamba Tufupi ziliona Kabalo mara moja tu, tena zikiwa zimefungiwa kwenye makasha.

Zilikula makaa ya Lukuga, yale yaliyochimbwa hapa karibu. Yalikuwa makaa mabaya. Moshi mwingi, joto kidogo, na majivu yake yaliganda kuwa jiwe ndani ya tanuru mpaka mtia moto ayavunje kwa chuma. Sisi wanawake wa kambi ya reli tulitazama kwanza upepo kabla ya kuanika nguo. Machimbo yalipokufa zikaanza kulishwa kuni, na hapo ndipo tulipokiona cha moto kweli, maana kuni zinatoa cheche. Vitenge vyetu vilikuwa na matundu madogo madogo mgongoni. Kule sokoni, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wakituona tu wanajua: huyu ni wa manevri.

Nilikuwa na wivu na mashini hiyo, kwa nini nifiche. Kafupi haiamshwi kwa haraka. Maji yake yakiwa baridi, moto unawashwa kidogo kwanza, unaongezwa taratibu, chuma kisishtuke kikapasuka. Kwa hiyo mume wangu alitoka nyumbani jogoo wangali kimya akaenda kuibembeleza. Mimi siku hizo nilikuwa bibi harusi, nimeachwa kitandani. Nikamwuliza kama mimi naamshwa kwa upole namna ile. Akacheka, akasema mimi naamka tayari nimechemka.

Hasira zangu alizijua, na alizipenda kidogo. Hilo nalikumbuka kila siku.

Sasa lazima nieleze mikono, maana mambo yote yaliyonipata yanatoka hapo. Kwenye manevri watu wawili wanafanya kazi moja bila kusikilizana. Mashinisti yuko juu kwenye mashini inayonguruma. Mwenzake yuko chini, mbali, mwisho wa mabehewa, ndiye anayeyafunga na kuyafungua. Kelele ni nyingi, kwa hiyo wanasema kwa mikono. Mkono wa kulia ukipanda na kushuka, njoo mbele. Mkono ukifagia chini, rudi nyuma. Kiganja kikishuka polepole, punguza mwendo. Ngumi mbili zikikutana, funga. Zikiachana, fungua. Mikono yote miwili juu, simama, tena simama sasa hivi. Na kuna sheria moja ambayo mume wangu aliiheshimu kuliko amri zote za kanisani: mashinisti wa manevri hatazami uso. Uso unaweza kucheka, unaweza kumgeukia mtu anayepita. Akiufuata uso atapoteza mkono, na akipoteza mkono, mwenzake anabanwa katikati ya mabehewa. Aliwahi kuona mtu aliyebanwa. Hakutaka kusimulia zaidi ya hapo.

Masikio yalimwondoka taratibu. Miaka ya filimbi juu ya kichwa, na miaka ya kuingia ndani ya tangi la mashini na nyundo kuondoa magamba ya chokaa, kila pigo likirudi kwenye kichwa chake. Alianza kuniambia kwamba siku hizi nanong'ona. Mimi, kunong'ona! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Baadaye hakusikia tena hata filimbi yake mwenyewe, akawa anaijua kwa mtetemo wa miguuni.

Siku moja nilikuwa jikoni, yeye yuko uani, nikamwita mpaka koo likakauka. Nikatoka nje na hasira zangu, nikapandisha mkono na kuushusha, kama nilivyoona wanaume wakifanya kwenye reli tangu utoto wangu. Alinyanyuka mara moja akaja. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea hivyo. Akasahihisha mikono yangu, akasema nafagia kama mwenye kufukuza kuku. Tukaongeza na ya kwetu ya nyumbani: kula, kuoga, mgeni, mvua inakuja. Ngumi mbili zikikutana zilikuwa na maana yake ya chumbani, na hiyo siiandiki hapa. Zikiachana, maana yake niache, leo sitaki hata kukuona. Hiyo nayo ilitumika sana.

Kanisani alitutia aibu. Padri alipoinua mikono yake miwili kutubariki, mume wangu alikuwa akisimama wima, hatikisiki, hata kama wengine wamekwisha kuketi. Mwenye mikono juu hajaishusha, atasogeaje? Nilimvuta koti. Hakuketi mpaka padri aliposhusha. Padri mwenyewe alikuja kuzoea, akawa anaishusha haraka kwa ajili yake.

Tufupi zilianza kufa wakati zilipokuja mashini za mazutu, yaani dizeli. Hizo hazihitaji kubembelezwa. Unageuza ufunguo tu. Wakubwa wakasema sasa moshi basi. Lakini Kalemie ni Kalemie: mazutu yakikosekana, na yalikosekana mara nyingi, walikuja mbio kwa mume wangu na wenzake: muwashe tu Kafupi, mabehewa yanangoja. Vyuma vya kubadilisha havikuja tena kutoka Ulaya. Hivyo Tufupi zikaanza kulana. Iliyoharibika tanuru ilitolewa magurudumu, yakafungwa kwenye iliyoharibika magurudumu. Zikabaki nne, zikabaki tatu. Mume wangu alikuwa na methali yake ya kujifariji, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimwambia wewe koleo zako zimekwisha kuvunjika karibu zote, na huo uhunzi unaufanya kwa meno.

Ukaja wakati wa vita, reli ikakatwa huko katikati, hapakuwa na treni ya kutenganisha. Ile Kafupi ya mwisho ilikuwa na vyuma vya dada zake wote mwilini. Mabomba yake ya ndani yakatoboka, ikawa inavuja maji kwenye moto wake yenyewe. Iliwashwa mara ya mwisho kusukuma mabehewa ya unga. Kisha ikasogezwa kwenye reli ya pembeni, nyuma ya atolie, majani yakaota.

Mume wangu hakuacha kwenda. Alikwisha kustaafu, lakini asubuhi alikuwa anachukua kitambaa na kopo la mafuta machafu, anakwenda kuipaka viungo. Nikamwuliza kwa mikono, kwa nini? Akajibu kwa ile sauti kubwa ya kiziwi, mtaa mzima ukasikia:

"Mama, hata maiti inaoshwa!"

Miaka hii ya karibuni ziwa likapanda. Kila mtu wa Kalemie ana yake ya kusimulia. Nyumba za chini ziliingiwa na maji, wengine wakahamia kule Katanika na hawajarudi. Kwetu kambini maji yalifika barabarani yakakomea hapo. Kule nyuma ya atolie yalisimama mpaka katikati ya magurudumu ya Kafupi, yakakaa. Mume wangu alikuwa anasimama ukingoni na kopo lake mkononi. Yalipopungua, yaliacha tope na harufu ya samaki, na kutu ilikuwa imekula mpaka mahali ambapo mafuta yake yalikuwa yamepalinda.

Nadhani ilikuwa katika majira hayo nilipoanza kuona kwamba naye anapungua.

Kwanza ilikuwa mambo madogo. Aliweka chumvi mara mbili, alivaa viatu vya kanisani kwenda kuchota maji. Halafu siku moja, tukiwa tumekaa wawili tu mezani, aliinua kichwa akaniuliza kwa heshima, kama unavyomwuliza mtu wa kazini:

"Ndugu, muke wangu iko wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikajipiga kifua: mimi. Akatingisha kichwa kwa upole na kuendelea kula. Aliuliza tena jioni. Kesho yake akauliza tena.

Nilichukua muda kuelewa alichokuwa anakiona. Mimi simwambii kitu kwa mdomo, hasikii. Ninamwambia kwa mikono. Na katika kichwa chake, ambamo mambo mengi yalikuwa yamezimika, mikono ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu: mwenzake wa chini, mfunga mabehewa. Nikimwita kuoga, ameitwa na mwenzake. Nikimwambia lala, ni zamu imekwisha. Alinitii vizuri kuliko alivyowahi kunitii katika ndoa yetu yote. Alinishukuru. Alinigawia nusu ya chakula chake, kama wanavyogawana watu wa zamu moja. Na kila siku, kwa adabu, aliniuliza habari za mke wake.

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi langu lilikuwa halinijui tena.

Nilijaribu njia zote. Alikuwa anajua kusoma, kwa hiyo nilichukua ubao mdogo wa chaki uliobaki toka binti yetu akiwa shuleni, nikaandika: Mimi ni mke wako. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno. Akacheka sana.

"Nani ameandika hivi? Muke wangu hajue kuandika muzuri hivi. Ule anaandika sawa kuku amepita."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na katikati ya kulia nikacheka, maana ni kweli mwandiko wangu ni mbaya, na kwa ile chaki nilikuwa nimejikaza kuandika vizuri nisione aibu.

Binti yetu yuko Lubumbashi. Anapiga simu kila Jumapili baada ya misa. "Mama, muje huku. Papa ataona daktari, na wewe utapata hata muntu wa kuongea naye." Namjibu kwamba Papa hawezi kuishi mahali ambapo asubuhi hana pa kwenda. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa naogopa kwamba nikimtoa kwenye nyumba hii na reli hii, kitakachobaki kitazimika, na mimi nitakuwa sijapata ninachokingoja. Nilikuwa nangoja kitu kimoja tu: aniangalie, hata kwa muda wa kumeza mate, ajue kwamba ni mimi. Sikuomba apone. Padri akiniombea apone, mimi moyoni nilikuwa naomba hicho kidogo.

Halafu wakaja wakata vyuma. Wafanyabiashara wa mbali walikuwa wamenunua chuma chote kilichokufa nyuma ya atolie, na Kafupi ilikuwamo. Nilisikia bombani, wanawake wakiongea. Asubuhi yake nilifunga milango kwa ufunguo. Niliweka maharagi kwenye jiko la mbabula, makaa machache, yaive polepole, nikaingia chumbani kufunga kitenge. Nilipotoka dirisha lilikuwa wazi. Mzee wa umri ule ametoka dirishani.

Nilifungua milango yote miwili nikimtafuta, nikaiacha wazi, nikamkuta huko nyuma ya atolie. Wanaume wanne wenye mitungi ya gesi na moto wao wa kukatia walikuwa wamesimama wamemzunguka, na yeye alikuwa amesimama kwenye reli, mgongo wake umeigusa pua ya Kafupi. Tangi la upande mmoja walikuwa wamekwisha kulikata, limelala kwenye tope. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa tu amesimama, anatazama mbele, mkono wake mmoja umeshika chuma.

"Mama, huyu njo muzee wenu?" mkubwa wao akaniuliza. Hakuwa mtu mbaya. "Tunamwambia atoke, hasikie. Tukimushika anapiganisha. Cheche zitamuunguza."

"Ni bwana yangu," nikasema. "Muache. Musimuguse."

Nikajua cha kufanya, na kilinichoma. Nilikwenda mpaka mahali anaponiona vizuri, mbele kwenye reli, pale anaposimama mwenzake wa chini. Nikapandisha mkono wa kulia na kuushusha. Njoo mbele.

Macho yake yakafika kwenye mkono wangu. Uso wake wote ukatulia. Akaiacha Kafupi akaanza kuja, hatua ndogo ndogo, katikati ya reli mbili, viwiko vimekunjika ubavuni. Wale wanaume wakampisha. Nilirudi kinyumenyume naye akinifuata, nikashusha kiganja, punguza, tukavuka mahali penye tope. Nyuma yake walikwisha kuuwasha moto wao, na mlio wa chuma kinachokatwa ulikuwa mkali mpaka meno yangu yakauma. Yeye hakugeuka. Hakusikia kitu. Nilimwongoza hivyo mpaka barabarani, mbele ya watu waliokuwa wakienda sokoni, mimi natembea kinyumenyume na mikono yangu hewani, na sikuona aibu. Nilikuwa namtoa mazishini bila yeye kujua kwamba kuna msiba.

Kwenye barabara ya kambi alinifikia, tukatembea sambamba. Alikuwa na furaha. Alinipiga bega, na mkono wake ulikuwa mzito, wa kirafiki, mkono ambao haujawahi kunigusa namna ile.

"Unafanya kazi muzuri," akasema kwa sauti yake kubwa. "Mikono yako inasomeka. Leo tumemaliza mapema. Twende kwangu ukule."

Nilitingisha kichwa.

"Hapana, twende. Muke wangu atafurahi." Akatembea kidogo, kisha akasema, safari hii akijaribu kushusha sauti, ingawa haikushuka: "Ule mama iko peke yake sana. Mimi siku yote niko na mashini. Jioni nafika nimechoka, naongea na yeye na mikono sawa tuko ku kazi. Hajawahi kulalamika. Lakini naona."

Kwa mikono ya manevri hakuna namna ya kujibu hilo. Tuliendelea kutembea, nikifuta macho kwa ncha ya kitenge, naye akinionyesha nyumba za watu waliokwisha kufa na kunieleza nani anakaa wapi.

Tulipofika mlangoni alinizuia kwa mkono, kama mwenye nyumba anayetaka kumwandaa mkewe. Akaingiza kichwa.

"Mama! Tuko na mugeni!"

Akangoja. Hakutokea mtu. Akaniangalia, akacheka kidogo kama anayeomba radhi, akaita tena. "Mama!" Akangoja tena kwa mtu ambaye hata angeitika asingemsikia. Niliona tabasamu lake linaanza kuchoka. Moyo wangu haukuvumilia. Asikose wa kumwitikia ndani ya nyumba yake. Nikamwacha pale mlangoni, nikazunguka nyumba mbio, mimi na magoti yangu haya, nikaingia kwa mlango wa jikoni. Maharagi yalikuwa yameiva. Nikashika sufuria kwa kitenge changu, mkono huku na mkono huku, nikaipeleka sebuleni jinsi ilivyo.

Alikuwa amekwisha kuingia na kuketi. Alinisikia kwa miguu, kwa mtetemo wa sakafu, akageuka. Macho yake yakaenda kwenye mikono yangu, kama kawaida yake. Mikono ilikuwa imeshika sufuria. Haikusema kitu. Miezi yote hiyo nilikuwa naanza na mikono: namwita mezani, namwambia keti, namwambia kula, na chakula kinafika macho yake yakiwa kwenye sahani. Sasa mikono haikuwa na la kumwambia. Macho yakasimama pale kidogo. Kisha yakapanda.

"Eeh, Mama," akasema. "Ulikuwa wapi? Nakuita."

Akaniita na jina langu la usichana, lile ambalo hata binti yetu halijui.

Nilisimama. Sufuria ilikuwa imetoka motoni sasa hivi, na joto lilianza kupita kwenye kitenge. Alinitazama usoni, akanitazama kabisa, kuanzia kwenye kitambaa cha kichwa mpaka kidevuni, kama mtu aliyerudi safari ndefu. Kisha akageuka kuutazama mlango.

"Mugeni wangu iko wapi? Nilikuwa naye hapa hapa. Muntu wa kazi, muntu muzuri sana." Akasikitika. "Nilitaka mujuane."

Meza ilikuwa mbele yangu. Kuiweka sufuria chini ilikuwa jambo la hatua moja, kisha ningeinua mikono nimjibu, kwa sababu sina njia nyingine ya kumjibu, na macho yake yangeshuka tena kwenye mikono. Vidole vilikuwa vinaungua.

"Weka chini, Mama," akasema mume wangu. "Itakuchoma."

Nikamtikisia kichwa, nikaendelea kuishika.